Shajara ya R60/2: siti mbili, masanduku mawili na begi la tangi, vimetoka wapi?

Februari

Pikipiki yenyewe haina utata. Ni BMW R60/2, silinda mbili zilizolala moja kila upande, cc 594, nguvu farasi 30, na ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, wa aina ya Earles. BMW waliitengeneza Munich kati ya 1960 na 1969. Hii yangu iliishi Marekani, ikarudi Ujerumani ndani ya kontena, nami nimeinunua hapa Mannheim ninakoishi. Injini, gia, breki, waya: kila kipande kina namba kwenye katalogi ya kiwanda, na ukiuliza unajibiwa.

Shughuli iko kwenye mzigo uliokuja nayo. Kuna siti ya mtu mmoja yenye kibati cha Bates. Kuna siti ndefu ya watu wawili isiyo na jina. Kuna masanduku mawili ya pembeni ya faiba, yamepakwa rangi nyeusi, nayo hayana jina. Halafu begi la kuweka juu ya tangi. Aliyeniuzia hakuwa na habari yoyote juu ya mzigo huo, alitaka tu utoke gerejini kwake.

Wengi wanaofufua pikipiki za zamani huanza kwa kutupa vitu kama hivi, ili pikipiki irudi ilivyotoka kiwandani. Naheshimu kazi yao lakini sikubaliani nao. Kiwanda kilikuuzia pikipiki. Siti ya kukalia kutwa nzima na sanduku la kubebea nguo na hema ulijitafutia mwenyewe kwa pesa yako. Ukitaka kujua watu waliziendesha vipi mashine hizi, waende wapi na wabebe nini, utasoma kwenye vitu hivi kuliko kwenye injini.

Tatizo ni kwamba waliovitengeneza walikuwa wengi na hawakufanana. Uingereza ilikuwa na watengenezaji wa siti kama Lycett wa Birmingham, na Terry wa Redditch waliokuwa mabingwa wa springi. Ken Craven naye alijulikana kwa masanduku yake. Detroit walikuwapo Buco, yaani kampuni ya Joseph Buegeleisen. California kulikuwa na Bates na ndugu wa Wixom. Rantoul, Illinois, alikuwapo Craig Vetter. Huku Ujerumani ni Denfeld wa Bad Homburg, Pagusa, baadaye Krauser, na Hepco & Becker wa Pirmasens. Baadhi yao walikuwa viwanda hasa, wengine karakana. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: jina nalisoma mwisho. Kwanza naangalia kitu kimetengenezwa kwa nini, kimefungwa kwa nini, na kimeandikwa nini mahali ambapo mnunuzi hakutarajiwa kutazama.

Machi: masanduku

Nimeyatoa kwenye vyuma vyake, nikayaosha na kuyalaza mezani yakiwa wazi. Ndani ya faiba kuna ukweli mwingi. Upande wa nje ulitandazwa kwenye kalibu kwanza, ndiyo maana unang'aa. Upande wa ndani ni mbovu wa kutazama, na nyuzi fupifupi za kioo zimelala huku na huko chini ya utomvu uliokauka. Unene haulingani. Pembeni pamejaa, katikati ya kifuniko pamepungua kiasi kwamba ukimulika tochi kwa nje mwanga unapenya. Hiyo ni kazi ya mkono, brashi na rola, si ya mashine. Mtu aliyeyatengeneza alihitaji kalibu, pipa la utomvu na chumba chenye hewa. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 faiba iliwafungulia mlango watengenezaji wadogo ambao wasingeweza kamwe kununua mashine ya kubinya bati.

Kisha bolti. Hapa nashauri kila mwenye nia awe na geji ya hesi, ya kupimia meno ya bolti, ni kifaa cha bei ndogo. Bolti za bawaba zina kipenyo cha robo inchi na hesi 20 kwa inchi. Basi milimita zimekwisha kuondoka, na Ujerumani, Italia na Japani zimeondoka nazo. Lakini robo inchi yenye hesi 20 ni ya Whitworth ya Uingereza na pia ni ya UNC ya Marekani. Tofauti iko kwenye pembe ya jino: Whitworth nyuzi 55, UNC nyuzi 60, na kwenye bolti iliyochakaa jicho haliwezi kuapa. Ndipo nikazigeukia bolti za vyuma vya kushikilia, zenye inchi 5/16. Za hesi nyembamba za Uingereza, BSF, zingekuwa na hesi 22 kwa inchi. Geji ya 22 ilikataa, ya 24 ikakaa bila kucheza. Hiyo ni UNF, hesi nyembamba za Marekani. Watengenezaji wa pikipiki wa Uingereza nao walihamia kwenye hesi hizo katika miaka ya 1960, kwa hiyo peke yake haitoshi, ila mizani imeelemea Marekani.

Riflekta ndiyo iliyomaliza ubishi. Nyuma ya kila sanduku kuna kipande chekundu cha duara, na ukikifuta kwa mafuta ya taa utaona herufi ndogo zilizofinyangwa ndani ya plastiki: SAE, kisha A, kisha tarakimu mbili, 66. SAE ni chama cha wahandisi wa magari wa Marekani. A ni alama ya riflekta. Zile tarakimu zinahusu mwaka wa kiwango kilichofuatwa, si mwaka wa kutengenezwa. Maana yake ni kwamba riflekta haiwezi kuwa ya kabla ya 1966, lakini baada ya hapo inaweza kuwa ya mwaka wowote. Ingekuwa ya Ulaya ningetafuta E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, kwa utaratibu uliotokana na mkataba wa Geneva wa 1958: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Riflekta za Uingereza za zamani pia huwa na maandishi ya BS AU. Hapa hakuna.

Bila shaka riflekta inaweza kubadilishwa. Nilizifungua. Faiba iliyo chini yake ina kivuli cha duara safi cha kipenyo kilekile, bila tundu la ziada. Zimekaa hapo tangu siku ya kwanza.

Nimeandika: Marekani, 1966 au baadaye, karakana ya kazi ya mkono.

Aprili: Hockenheim, na siti ndefu

Veterama ya majira ya kuchipua hufanyika Hockenheim. Ile kubwa ya vuli ni hapahapa Mannheim. Kwa asiyejua, ni soko la vyuma vya zamani, safu kwa safu, watu wametandaza maturubai chini na juu yake kila kitu kuanzia kabureta hadi vitasa. Kabla ya kwenda niliifungua ile siti ndefu ili nijue natafuta nini.

Kitako chake ni bati la chuma lililobinywa, lenye migongo ya kuongeza nguvu. Huwezi kubinya bati la umbo hilo karakana ya uani. Kuna mashine nzito nyuma yake, na kuna oda kubwa iliyolipia mashine. Ukingoni bati limekatwa meno madogo yaliyopinda, na ngozi ya bandia imevutwa ikanaswa kwenye meno hayo. Juu ya bati nilipovua ngozi nilikuta kitu ambacho mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: usumba. Makumbi ya nazi, nyuzi zilezile za kusokota kamba, zimebandikwa kwa utomvu wa mpira zikawa pedi moja inayorudi ukiibonyeza. Wajerumani walizitumia sana pedi za aina hii kwenye viti vya magari yao. Huu ulikuwa mkavu, unadondosha vumbi la kahawia, lakini nyuzi zenyewe bado nzima. Nilikaa nao mkononi muda mrefu.

Pedi ya juu inasema mengi pia. Sponji la utomvu wa mpira, ambalo Dunlop walilitoa 1929 na kuliita Dunlopillo, likizeeka hukauka, hukaza na kumeguka kuwa unga. Sponji la poliuretani, lililotokana na ugunduzi wa Otto Bayer na wenzake kule Leverkusen mwaka 1937 na kuingia sokoni miaka ya 1950, huzeeka kwa kunata kwanza, kisha hubomoka kama makombo ya mkate. Vidole vitakwambia. Siti yangu ina la mpira.

Chini ya bati, karibu na bawaba, kuna herufi nne zilizogongwa: D.B.G.M. Ni usajili mdogo wa ubunifu wa Ujerumani Magharibi. Kabla ya 1945 zingekuwa D.R.G.M., za enzi ya Reich. Kwa hizo herufi pekee siti inawekwa baada ya vita na mahali pake panajulikana.

Jina sasa. Nyuma ya siti, kwenye utepe wa chuma, kuna matundu mawili madogo ya ribiti na alama hafifu ya kitu cha mstatili kilichokuwa kimekaa hapo. Nilipima umbali kati ya matundu, nikachora alama hiyo kwenye karatasi ngumu na kuikata. Pale Hockenheim nikawa napita kwenye maturubai nikiiwekea kila siti ndefu ya BMW niliyoiona. Wauzaji wengine walinitazama kwa mashaka hadi nilipowaeleza. Kwa mzee mmoja kutoka upande wa milima ya Taunus karatasi ililala juu ya kibati bila kuzidi wala kupungua, na kibati kimeandikwa Denfeld. Aliniruhusu niigeuze siti yake: meno yaleyale, migongo ileile ya bati, D.B.G.M. mahali palepale. Akaniambia kwa Kijerumani chake kizito kwamba Bad Homburg haiko mbali na kwao na kwamba watu wa kijijini mwake walifanya kazi pale.

Mei: begi la tangi

Hili halikuchukua muda. Zipu ni Opti, vifungo vya kubonyeza ni Prym, na vyote viwili ni vya Ujerumani. Zipu ya Talon ingenielekeza Marekani, Lightning Uingereza, YKK ingenipeleka Japani au popote baada ya Wajapani kuenea. Ndani kuna lebo ya Harro, modeli ya Elefantenboy, jina linalokwenda na Elefantentreffen, mkutano wa wapanda pikipiki wa majira ya baridi ulioanza 1956 kule Solitude karibu na Stuttgart, Ernst Leverkus alipowaita wenye Zündapp KS 601, zile walizoziita tembo wa kijani. Mshono wa lebo una uzi uleule wa begi. Nimelipaka mafuta ya ngozi nikaliweka kabatini.

Juni: siti ya Bates

Hii ndiyo niliyodhani haina la kusema, maana jina linasomeka. Bates wa Long Beach, California, ni jina zito: siti, mavazi ya ngozi, taa. Wamarekani wenye BMW waliipenda siti yao ya mtu mmoja, na siti yenye kibati hicho ina bei yake.

Nilianza na kibati. Anwani yake ina jina la mji likifuatwa na namba fupi, kisha kifupi cha jimbo. Namba za namna hiyo ni za kanda za posta, zilizoanza Marekani 1943 na kuondolewa njiani mwaka 1963 msimbo wa tarakimu tano ulipoingia. Kanuni hii inasaidia kwenye lebo nyingi: Ujerumani Magharibi waliingiza tarakimu nne 1961, na Ujerumani nzima ikaenda kwenye tano 1993. Anwani isiyo na namba yoyote haithibitishi kitu, watu huacha. Yenye namba inasema. Kibati hiki ni cha kabla au karibu sana na 1963.

Kisha nikaigeuza siti. Kitako ni plastiki nyeusi iliyomiminwa kwenye kalibu. Pembeni, karibu na pua, kuna duara dogo kama la shilingi, lina mshale katikati, namba za miezi kuzunguka ukingo, na 8 na 7 kila upande wa mshale. Wanaomimina plastiki huweka saa hiyo ndani ya kalibu yenyewe na kuigeuza mwezi kwa mwezi, ili kukitokea kasoro wajue ni ya lini. 1987. Kibati cha enzi za kanda za posta juu ya kitako cha 1987.

Nilimpigia simu ya video fundi wangu wa Tanga, ambaye ametengeneza viti tangu enzi za Vespa na sasa anaishi kwa siti za bodaboda.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mdogo wangu. Geuza nione chini. Sogeza simu.”

Nikasogeza.

“Hizo stepo. Siti ya bati haina stepo, ina meno au klipu. Hii imepigwa kwa bunduki ya upepo, mwenye nayo alikuwa na kompresa. Sasa nionyeshe mshono wa juu, hapo kwenye kona.”

Akatazama kimya.

“Hapo hapana tundu la sindano la zamani. Ngozi hii imeshonwa mara moja tu, haijawahi kufumuliwa. Kwa hiyo ngozi na plastiki ni ndugu. Kibati je, kimepigwa na nini?”

Ribiti za aluminiamu za kuvuta, zile zenye tundu katikati. Kibati chenyewe matundu yake yametanuka, na kimepinda kwa duara lisilolingana na mgongo wa siti, kiasi kwamba kucha inapita chini yake upande wa kulia.

“Basi kimehama,” fundi akasema. “Hata huku wanahamisha. Siti ya bodaboda ya Boxer utaikuta na nembo ya kampuni nyingine kabisa, kwa sababu mteja anaipenda.”

Sioni sababu ya kumfikiria vibaya aliyefanya hivyo. Pengine siti yake ya Bates ilikufa, akanunua mpya, akataka kubaki na kibati. Lakini kwenye mauzo tofauti ni kubwa, na kitu pekee katika mzigo wote kilichokuwa na jina la kujitangaza kwa nje ndicho ambacho jina lake si lake. Nimeandika: siti ya 1987, kitako cha plastiki, kibati halali cha Bates, kutoka siti nyingine.

Julai

Masanduku tena. Rangi nyeusi ilipakwa juu ya rangi nyeupe ya kalibu, nayo inaanza kubambuka. Nilikuwa nasugua kifuniko cha kulia kwa msasa wa maji, taratibu, tabaka kwa tabaka, ndipo chini ya nyeusi yakatokea mabaki ya stika: herufi tatu za mwisho, XOM. Nikasimamisha kazi upande huo na kupiga picha chini ya mwanga wa ubavuni, na nafasi ya herufi zilizotangulia ikaonekana kwa kivuli. Wixom, California. Bolti zilisema Marekani, riflekta ikasema 1966 au baadaye, faiba ikasema karakana ya mkono, na jina limekuja kukaa juu ya hayo yote. Hivi ndivyo napenda jina lije.

Vyuma vya kushikilia vina matundu mawili ya ziada yaliyotobolewa kwa dreli ya mkono, moja limekwenda upande. Masanduku yaliwahi kufungwa kwenye pikipiki nyingine kabla ya hii.

Agosti

Barua kutoka hifadhi ya kumbukumbu ya BMW, Munich. Ukiwapelekea namba ya fremu wanakupa tarehe ya kutengenezwa na duka au mwagizaji aliyepelekewa. Yangu ni ya 1966, ilipelekwa kwa Butler & Smith wa New York, waliokuwa waagizaji wa BMW Marekani.

Barua hii inabadili jambo moja. Nilikuwa nimefikiria mwanajeshi wa Kimarekani aliyenunua pikipiki akiwa kambini huku Ujerumani na kurudi nayo nyumbani, walikuwapo wengi. Hapana, hii ilikwenda kwa meli ikiwa mpya. Basi siti ya Denfeld yaelekea iliondoka nayo Munich, kwa kuwa BMW walinunua siti kwa Denfeld na mteja aliweza kuagiza siti ndefu badala ya tandiko la mtu mmoja. Begi la Harro liliungana nayo baadaye, kwa njia yake.

Hapa ndipo mpaka kati ya kitu cha kiwanda na cha nje unapokuwa mwembamba sana. Denfeld walikiuzia kiwanda na pia waliuza madukani. Giuliari wa Italia walitengeneza siti za Ducati, na mteja wa kawaida naye alizipata. Masanduku ya Michael Krauser yaliuzwa kwa jina lake, halafu kuanzia miaka ya 1970 BMW wakayauza yakiwa na nembo yao. Sanduku lilelile, kalibu ileile, majina mawili. Anayeuliza “hii ni orijino?” inabidi aambiwe kwanza nani aliyetengeneza na nani aliyeuza, kwa sababu hayo ni maswali mawili.

Oktoba

Veterama ya Mannheim. Nimepata tepe ya chuma ya pembeni kwa ajili ya siti ya Denfeld, na kibati chake. Kibati nilikilipia bila kusita, maana matundu ya siti yangu yanakijua. Sikukipigilia kwa ribiti za kuvuta. Nimetafuta ribiti ndogo za kugonga za kipenyo kilichokuwapo.

Maamuzi, kwa kumbukumbu. Siti ya Denfeld inarudi kwenye pikipiki; usumba unabaki, naunyunyizia utomvu mpya wa mpira, na sponji la juu pekee ndilo litakalobadilishwa. Fundi wa Tanga ananikatia karatasi ya vipimo vya ngozi kwa picha nilizomtumia. Masanduku ya Wixom yanabaki nayo pia, pamoja na yale matundu ya ziada. Kifuniko cha kulia sitakisugua zaidi ya pale stika ilipo. Siti ya 1987 imeshauzwa kwa kijana mwenye BMW R80, na kwenye risiti nimeandika ilivyo, bila Bates. Kibati cha Bates kiko kwenye bahasha pamoja na picha za kitako kilikotolewa, na anayefufua siti halisi ya Bates ya miaka ile ataniona.

Kifuniko cha kushoto bado cheusi. Msasa wa namba 800 umeisha, naagiza mwingine Jumatatu.